Kuwinda hua kwa mara ya kwanza: uvae nini, ubebe nini, na kipi kisubiri

"Shikamoo mwalimu. Nimealikwa kuwinda hua kwenye shamba la alizeti ambalo limekwisha kuvunwa. Sijawahi kuwinda ndege. Ninayo bunduki ya marisau ya mitutu miwili, geji 12, niliyoachiwa na marehemu babu, na kibali changu kiko sawa. Rafiki yangu amenipa orodha ya vitu karibu thelathini vya kununua, kuanzia nguo za mabaka mpaka hua wa bandia wanaopiga mabawa, na hela yangu haifiki hata nusu yake. Kipi ni cha lazima? Na jirani ana mbwa anayependa kuokota, je, nimchukue?"

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakudanganya; vyote alivyovitaja vipo na vina kazi yake. Shida ya orodha ndefu ni kwamba haisemi kipi kinatangulia. Mgeni hununua kwanza kile kilichomvutia dukani, halafu anafika shambani hana maji.

Nikueleze siku yenyewe ilivyo, maana vifaa vinatokana na siku. Hua hafuatwi vichakani kama kwale. Unamngoja anapopita, kati ya anakolala, anakokula na anakokunywa. Kwenye alizeti iliyovunwa anakuja kuokota mbegu zilizomwagika, asubuhi na tena alasiri, na majira ya mavuno mara nyingi huwa ya joto na ukavu. Kwa hiyo utakaa. Utakaa saa tatu, pengine nne, jua likikupiga, bila kujikuna wala kugeuza shingo ovyo, kisha ghafla utapewa sekunde mbili tatu za kuinuka na kupiga. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba vifaa vya hua ni vifaa vya kukaa. Aliyeshindwa na joto, kiu au kisiki cha alizeti chini ya paja hafichwi na nguo yoyote, kwa sababu hawezi kutulia. Fedha yako ianzie masikioni na machoni, iende kwenye kiti na maji, ifike kwenye risasi. Ikiishia hapo, unaweza kwenda.

Masikio nayaweka mbele na nitayasemea kwa kirefu. Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 150 pale sikio la mpigaji lilipo, na kishindo cha ghafla cha desibeli 140 tayari kinaweza kudhuru usikivu. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo ambazo kazi yake ni kupokea sauti. Zikifa, kwa binadamu hazioti nyingine. Mimi nilianza kuwinda ujanani bila kuziba chochote, kama walivyofanya wakubwa wangu, na leo sikio langu la kushoto lina nyenje anayelia mchana na usiku. La kulia lina nafuu. Hiyo inatokana na namna ya kushika bunduki: anayepigia bega la kulia hulaza shavu la kulia kwenye kitako, sikio la kulia likakingwa na kichwa chenyewe, na la kushoto likaelekea mdomo wa mtutu. Ukikutana na mwindaji wa umri wangu anayekuinamishia upande mmoja wa kichwa unapoongea naye, sasa unajua kwa nini.

Vizibo vidogo vya sponji vinatosha kabisa, mradi vivaliwe ipasavyo. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama penseli. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ukitie ndani, kisha ukishikilie kwa kidole mpaka kivimbe, kama nusu dakika hivi. Kizibo kikining'inia nje nusu kinakupa moyo tu, hakikukingi. Watu huniuliza watamsikiaje hua wakiziba masikio. Hua anaonwa kabla hajasikika. Kazi hiyo ni ya macho. Siku fedha ikipatikana, nunua vikinga-sikio vya betri, vile vinavyoruhusu sauti ya mwenzako na kujifunga mlio mkubwa unapotokea, lakini chagua vyembamba, kwani vinene hugonga kitako unapolaza shavu.

Macho nayo hayana mjadala. Kwenye shamba moja mnaweza kuwa watu wanane mmezunguka kingo zake, na marisau yote yanayopigwa juu lazima yarudi chini. Yakitoka mbali hufika yakiwa yameishiwa nguvu, yanadondoka juu ya kofia kama mchanga uliorushwa. Ngozi haichubuki. Jicho likipata punje moja ya hiyo ni habari nyingine. Vaa miwani yenye vioo vya polikaboneti, plastiki ile isiyopasuka vipande ikigongwa. Miwani ya jua ya kawaida inayokata mng'ao wa maji si lazima iwe imara ikigongwa; hizo ni sifa mbili mbalimbali, kwa hiyo uliza. Rangi ya manjano husaidia alfajiri na jioni, kijivu cheusi hufaa mchana. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali, mwambie fundi wako akutengenezee ya polikaboneti, au uvae ya kukinga juu yake.

Sasa nguo, ambazo naona ndizo zimekusumbua zaidi. Ndege wana aina nne za vipokezi vya rangi machoni, sisi tunazo tatu, na wao huona hata sehemu ya mwanga wa urujuanimno ambao kwetu ni giza tupu. Macho ya hua yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Kiumbe wa namna hiyo hadanganyiki kwa sababu tu shati lako limechorwa majani. Kinachomshtua ni vitu vitatu: kinachosogea, kinachong'aa, na kinachosimama peke yake kikiwa cheusi au cheupe kuliko kilicho nyuma yake. Kwa hiyo angalia shamba, usiangalie katalogi. Alizeti iliyokauka ni kahawia ya majivu yenye njano. Shati la kaki lililopauka na suruali ya rangi ya udongo ulizonazo kabatini zinatosha. Ukipangiwa kukaa chini ya mti, vaa kijani kilichokolea, maana kaki kwenye kivuli inang'ara kama karatasi. Nguo za mabaka ni nzuri ukizipata, wala sizibezi, ila zije baadaye.

Mng'ao una vyanzo vyake. Saa ya mkononi, pete pana, kioo cha simu kwenye mfuko wa shati, paji la uso lenye jasho. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha ambayo hupokea urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa samawati. Ndiyo inayofanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Nguo za kuwindia mimi nafulia sabuni ya mche isiyo na dawa hiyo, na nazianika kivulini. Halafu uso. Uso ulioinuliwa juu kumtazama ndege ndiyo bendera kubwa kuliko zote shambani. Kofia ya ukingo mpana pande zote inakupa kivuli cha macho, masikio na shingo, tena inakufundisha kutazama kwa chini ya ukingo bila kunyanyua kidevu. Kapelo inaacha masikio na shingo viungue. Vaa hiyo ikiwa huna nyingine, ukiwa na leso shingoni.

Kitambaa chenyewe kiwe chepesi na chenye mikono mirefu. Najua joto litakushawishi uvae fulana, lakini saa nne za jua kwenye mikono mitupu, pamoja na wadudu na mabua yanayochoma, hazivumiliki. Pamba ni baridi mwanzoni, ila ikilowa jasho inakaa na unyevu wake. Vitambaa vyepesi vya kutengenezwa kiwandani hukauka upesi. Shati liwe kubwa kidogo upande wa mabega. Inua mikono yote miwili kama unayeshika bunduki ukiwa bado dukani. Likikubana kwapani, lirudishe. Na ujue kitako cha bunduki kilichokutosha vizuri ukiwa umevaa koti zito kitaonekana kifupi ukiwa na shati jepesi, kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa umevaa nguo zilezile utakazowindia.

Suruali iwe ndefu na ngumu kiasi magotini. Viatu ni buti zinazofunika kifundo, zenye soli ngumu, kwa sababu shina la alizeti lililokatwa kwa mshazari hutoboa soli laini, nalo huwezi kuliona ukiwa unatembea na macho yako juu. Soksi ndefu, miguu ya suruali ichomekwe ndani yake ikiwa mahali penu pana kupe. Dawa ya permetrini hunyunyiziwa nguo na buti siku moja kabla, ikauke. Si ya kupaka kwenye ngozi. Glavu nyembamba ni hiari: zinaficha mikono inayocheza na zinakukinga na mtutu uliopata moto. Kitu kimoja cha rangi ya chungwa kali kiwe mfukoni hata kama sheria ya kwenu haikulazimishi, kizibao au hata kitambaa tu, ukivae kila unapoinuka kwenda kuokota, wenzako wakuone.

Kiti kwangu kina thamani kuliko nguo za mabaka. Hitaji lake ni moja: ukae kimo ambacho miguu inakusukuma juu mara moja bila kujishika popote, na ugeuke kushoto na kulia bila kelele. Stuli ya kukunja isiyo na mikono inafaa. Ndoo ngumu yenye kifuniko kilichotiwa godoro dogo inafaa zaidi, kwani ndani yake unatia risasi, maji, taulo na kisanduku cha huduma ya kwanza, na ukirudi inabeba maganda matupu. Iweke mbele ya kitu, iwe shina la mti, nguzo au mabua yaliyosimama, ili umbo lako liyeyuke ndani yake. Kukaa nyuma ya kichaka kirefu kunapendwa sana na wageni, lakini kunawaziba wao wenyewe.

Kabla ya kukaa, pima hatua thelathini pande tatu na uchomeke kijiti au ufunge utepe kwenye bua. Ndege akiwa ndani ya duara hilo anapigika. Akiwa nje, muache. Hua wa Amerika Kaskazini, Zenaida macroura, ana gramu 120 hivi na anaweza kuruka kufikia kilomita 88 kwa saa, na hua wengine nao hawachezi. Piga hesabu kidogo: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa anakwenda mita 22 kila sekunde. Marisau yanahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 30. Katika muda huo ameshasogea zaidi ya mita mbili. Kila mita unayoongeza inakuza kosa lako, na ndege aliyejeruhiwa mbali akaenda kufia kusikojulikana ni jambo linaloniuma kila mara nikilikumbuka.

Hapo tumefika kwenye bunduki ya babu, na naomba unisikilize. Ipeleke kwa fundi wa bunduki kabla hujaipigia hata risasi moja. Kuna mambo matatu ya kumuuliza. La kwanza ni urefu wa chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Bunduki nyingi za zamani zilichongwa kwa ganda la milimita 65, na risasi nyingi zinazouzwa sasa ni za milimita 70. Mtego ni huu: urefu huo hupimwa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi, kwa hiyo ganda la 70 litaingia kwenye chemba ya 65 bila kukataa, bunduki itafunga vizuri, nawe utadhani mambo ni shwari. Unapopiga, mdomo wa ganda unafungukia mahali penye kubana na shinikizo linapanda. Mara nyingi namba huwa imegongwa chini ya mitutu, sehemu inayolala kwenye fremu. Fundi ataisoma, au atapima.

La pili ni chuma cha mitutu yenyewe. Ukiona mistari ya mawimbi kama ya nafaka za mbao, hiyo ni mitutu iliyosukwa na kufuliwa zamani. Usiipigie kabisa risasi za kisasa. La tatu ni choki, ule ubano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatatawanyika kwa kasi gani. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na mtutu wa geji 12 una kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Choki ya robo hubana karibu robo ya milimita, ya nusu karibu nusu milimita, na kamili hukaribia milimita nzima. Ni tofauti ya unene wa karatasi chache, lakini ndiyo inayotenganisha mpigo mpana na mpigo wa ngumi. Kwa hua nataka robo kwenye mtutu mmoja na nusu kwenye mwingine. Ukikuta babu alikuwa na kamili pande zote mbili, mita 20 utamkosa hua au utampasua asifae kuliwa. Azima bunduki nyingine.

Usinunue bunduki mpya kwa ajili ya siku hii. Geji 12 na geji 20 zote ni nzuri kwa hua. Kwa kuwa yako ni ya mitutu miwili, umeepukana pia na sheria za idadi ya risasi. Marekani, kwa mfano, bunduki ya kuwindia ndege wahamao, hua wakiwamo, hairuhusiwi kubeba zaidi ya risasi 3, na wenye bunduki za kujipakia hulazimika kutia kizuizi ndani.

Risasi zenyewe ziwe nyepesi. Gramu 28 za marisau zinatosha kabisa, hata 24. Nzito zaidi hazimwui hua zaidi; zinakuumiza bega lililofunikwa na shati moja tu, na bega likianza kuogopa, shavu linainuka kwenye kitako na unaanza kupiga juu. Ukubwa wa punje uwe milimita 2.3 hadi 2.4. Kwa namba za Marekani hizo ni 8 na 7½, lakini Uingereza na nchi nyingine zina namba zao, kwa hiyo soma milimita zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa gramu 28 za punje za 2.4 unapata kama 350 kila mpigo.

Kuna suala la madini ya risasi, ile metali nzito ambayo marisau mengi hutengenezwa nayo. Hua huokota mbegu na changarawe ndogo za kusagia chakula kwenye firigisi, na punje iliyolala shambani kwake haina tofauti na changarawe. Inasagika tumboni na kumtia sumu. Ndiyo maana Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na California ilikataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019. Ukiweza, tumia ya chuma, na ikiwa eneo lenu linataka hivyo ni lazima. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo panda ukubwa, milimita 2.5 hadi 2.8. Lakini chuma ni kigumu pia, na mitutu ya zamani au yenye choki kamili haikiwezi. Hilo nalo muulize fundi siku hiyohiyo.

Beba maboksi mawili, risasi 50. Mgeni akipata hua mmoja kwa risasi tano au sita hajafanya vibaya hata kidogo. Na risasi zako zikae peke yake. Nakumbuka tulikuwa wawili kivulini, mwenzangu ana geji 20, mimi 12, tukamimina zote kwenye ndoo moja kwa uvivu wa kubeba. Wimbi la hua likaja, nikachota, mkono ukawa tayari unapeleka kwenye mtutu ndipo nikaona rangi ya njano kati ya vidole. Ganda la geji 20 ni jembamba. Kwenye mtutu wa 12 linateleza likapita chemba na kukwama mbele kidogo. Ukitupa jicho unaona chemba tupu. Unatia ya 12 nyuma yake, unapiga, na mtutu unapasukia pale pale mkono wako wa kushoto uliposhika. Watengenezaji hupaka maganda ya geji 20 njano kwa sababu hiyo. Tangu siku ile kila mtu na kizibao chake.

Kizibao cha kuwindia, kwa njia, ni cha kununua mapema. Kiwe cha wavu mgongoni kupitisha hewa, mifuko miwili mikubwa mbele, mmoja wa risasi nzima na mwingine wa maganda matupu, na mfuko wa nyuma wa ndege. Usichanganye nzima na tupu. Maganda yote ondoka nayo, pamoja na vikombe vya plastiki vinavyobeba marisau ndani ya ganda na kuruka mbele unapopiga, ukiviona.

Maji yawe lita tatu mpaka nne zako peke yako, unywe kabla ya kiu. Ongeza mafuta ya kujikinga na jua, bendeji nene ya kukandamizia damu, kibano cha kutolea miba, kibali chako, na simu yenye chaji.

Darubini ndogo ningeiweka juu ya hua wa bandia. Nisikufiche: baadhi ya hua wanalindwa, na wote wanafanana dhidi ya jua. Yule wa Ulaya, Streptopelia turtur, yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya ndege walio hatarini tangu 2015. Kabla ya siku yenyewe, jifunze aina zinazoruhusiwa kwenu kwa umbo la mkia na mapigo ya mabawa. Usipomtambua, usimpige. Vivyo hivyo kwa anayeruka chini: kama huoni mbingu tupu chini yake na nyuma yake, bunduki ibaki magotini, kwani ng'ambo ya shamba kuna mtu amekaa kwenye ndoo kama wewe.

Hao wa bandia ni nyongeza tu. Ukipata vichache, viweke juu ya tawi kavu au waya panapoonekana, vichwa vikielekea upepo unakotoka, maana hua hutua akiukabili. Vile vya betri vinavyopiga mabawa vinavuta kweli, ila mahali pengine vimekatazwa.

Nusu ya ustadi ni kumpata aliyeanguka. Hua kwenye mabua makavu anapotea mbele ya macho yako. Manyoya yake ndiyo rangi ya shamba. Akianguka, usimtazame mwingine. Funga jicho kwenye bua moja, fungua bunduki, tembea moja kwa moja bila kushusha macho, na ukifika unapodhani ndipo, dondosha kitambaa chako cha chungwa na uzunguke kwa duara zinazopanuka. Anayepiga wawili kwa mpigo wa kushoto na kulia mara nyingi huokota mmoja.

Nyama ya hua ni ndogo na joto huipata haraka. Usiwarundike kwenye mfuko wa plastiki. Waache kwenye mfuko wa wavu upande wa kivuli, na kila saa uwapeleke kwenye sanduku la barafu, juu ya taulo ili wasilowe maji. Kisu kidogo au mkasi imara vinatosha, kwani manyoya yake hung'oka kwa vidole.

Na hilo ndilo litakalomsumbua mbwa wa jirani. Mchukue ikiwa tu ameshazoea mlio wa bunduki na anakuja akiitwa. Shamba lenye watu wanane wanaopiga si mahali pa kumjaribia. Abebewe maji yake na bakuli lake, si mabaki ya yako, na alale kivulini kati ya safari. Ulimi ukipanuka na kuning'inia sana, ufizi ukawa mwekundu wa kuiva, au akianza kuyumba, kazi imekwisha: mtie kivulini, mmwagie maji tumboni na kwenye nyayo, mpepee, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Akiokota vizuri lakini baada ya ndege wa pili au wa tatu anaanza kuwatema njiani, usimkaripie. Manyoya ya hua ni mepesi, yanaganda kwenye mate na kumjaa kinywani mpaka kooni. Mwite, mfungue taya, mtoe manyoya kwa kidole chini ya ulimi na ndani ya mashavu, mmiminie maji kidogo ateme, ndipo umtume tena.